Aliyeumia Kichwa Aweza Kujitegemea Tena



Tuchukue mfano. Mkulima mmoja alikuwa anatoka gulioni. Alipanda nyuma ya pikipiki, kichwa wazi. Mbuzi akakatiza njia. Pikipiki ikaanguka. Kichwa cha yule mkulima kikagonga jiwe, akazimia. Watu wakamkimbiza hospitali. Alilazwa huko wiki sita. Wiki mbili za mwanzo hakujua yuko wapi. Mwishowe daktari akasema, "Sasa anaweza kurudi nyumbani."

Aliporudi, watu walifurahi. Jeraha lilikuwa limefunga. Nywele zilikuwa zimeanza kuota juu ya kovu. Kila mtu alisema, "Amepona."

Lakini siku chache zilipopita, mkewe aliona mambo ya ajabu. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa dhaifu. Mumewe akitumwa ndoo, alileta jembe. Jina la mtoto wake wa mwisho lilimpotea. Aliuliza swali lile lile mara kumi. Watoto wakipiga kelele kidogo alifoka, na zamani alikuwa mtu mpole. Mchana alilala usingizi mzito kama mtu aliyelima tangu alfajiri.

Majirani wakaanza kusema. Wa kwanza alisema, "Amerogwa." Wa pili alisema, "Amekuwa mvivu." Wa tatu alisema, "Huyo basi tena. Mpeni chakula, mwacheni akae kivulini."

Wote watatu walikosea. Na aliyekosea zaidi ni yule wa tatu. Maneno yake yalikuwa ya huruma, lakini yangeweza kumfanya mkulima yule awe mzigo maisha yake yote.

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutaeleza kwa nini.

UBONGO NA KAZI YAKE

Ndani ya fuvu la kichwa mna ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ni laini. Ndiyo maana umewekwa ndani ya mfupa mgumu.

Ubongo ndio unaoongoza mwili wote. Ukiinua jembe, ubongo umeuamuru mkono. Ukimtambua jirani kwa sauti yake, ni ubongo. Ukikumbuka deni lako, ni ubongo. Ukikasirika ukajizuia usitukane, hata huko kujizuia ni kazi ya ubongo.

Kila sehemu ya ubongo ina kazi zake. Sehemu moja huongoza miguu na mikono. Nyingine husaidia kusema. Nyingine husaidia kuona. Nyingine hutunza kumbukumbu. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, husaidia kupanga mambo na kuzuia hasira.

Tena upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili. Upande wa kulia wa ubongo huongoza upande wa kushoto wa mwili. Kwa hiyo mtu aliyeumia ubongo upande wa kushoto anaweza kulegea mkono wa kulia. Mara nyingi na maneno humpotea.

Sasa, ndugu msomaji, unaona. Mkulima yule hakurogwa. Wala hakuwa mvivu. Ngozi ya kichwa ilikuwa imepona, lakini ubongo ulikuwa bado. Mtu akivunjika mguu, watu wote wanaona gongo lake. Mtu akiumia ubongo, kidonda chake hakionekani. Kwa hiyo watu humlaumu.

JE, UBONGO UNAPONA?

Sehemu ya ubongo iliyokufa haioti tena kama nywele. Lakini sehemu nzima zilizobaki zinaweza kujifunza kazi mpya.

Fikiri njia ya kwenda kisimani. Mvua kubwa ikibomoa daraja, njia inakatika. Lakini watu wanahitaji maji. Mmoja anazunguka kupitia vichakani. Kesho anapita mwingine. Siku ya kwanza miiba inachoma. Baada ya miezi, pale pamekuwa njia.

Ubongo nao ni hivyo. Mgonjwa akijaribu jambo lile lile kila siku, ubongo unatengeneza njia nyingine. Asipojaribu, njia haipatikani.

Mara nyingi maendeleo makubwa huonekana katika miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo mwendo hupungua, lakini haukomi. Mtu anaweza kuendelea kujifunza mambo kwa miaka mingi.

ASKARI ALIYESAHAU HERUFI

Labda utasema, "Haya ni maneno tu." Basi sikiliza habari za mtu mmoja wa kweli. Hakuwa wa nchi yetu, alikuwa Mrusi. Lakini wewe uliyejifunza kusoma ukubwani utamwelewa kuliko watu wengine.

Jina lake lilikuwa Lev Zasetsky. Alizaliwa mwaka 1920. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, akisomea mambo ya mitambo. Mwaka 1941 vita viliifikia nchi yake, naye akaenda kupigana. Mwezi Machi mwaka 1943 risasi ilimpiga kichwani upande wa kushoto, ikaingia katika ubongo. Alikuwa kijana wa miaka kama 23.

Hakufa. Lakini alipoamka hospitalini, hakuwa mtu yule wa zamani. Upande wa kulia wa kila kitu hakuuona. Kushoto na kulia vilimchanganya. Alikitazama kitu anachokijua, na jina lake halikuja. Alipewa gazeti, akaona alama asizozijua. Yeye, mtu wa chuo, hakutambua hata herufi moja.

Alipelekwa katika hospitali moja kwenye milima ya Ural, mahali wagonjwa walipofundishwa kufanya kazi zao tena. Huko alikutana na daktari mmoja, bingwa wa mambo ya ubongo. Jina lake lilikuwa Alexander Luria.

Zasetsky akaanza kufundishwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Alizisahau. Alifundishwa tena, akasahau tena. Hakuacha. Kila herufi aliifunga na neno analolijua, ili neno limkumbushe herufi. Polepole akaanza kusoma tena, herufi moja moja. Alipofika mwisho wa neno, pengine mwanzo wake ulikuwa umempotea.

Kuandika kulikuwa kugumu zaidi. Alishika kalamu, lakini umbo la herufi halikumjia. Siku moja Daktari Luria akamwambia asiandike herufi moja moja. Aandike neno zima kwa haraka, bila kuinua mkono. Zasetsky alishangaa, lakini akajaribu. Mkono ukaandika neno moja la Kirusi, maana yake "damu".

Ilikuwaje? Mkono wake ulikuwa umeandika maneno tangu utoto. Mazoea yale ya mkono hayakuharibiwa na risasi. Njia moja ilikatika, lakini nyingine ilikuwa bado nzima. Daktari alimsaidia kuigundua.

Tangu hapo Zasetsky akaanza kuandika habari za maisha yake. Kazi ilikuwa ngumu mno. Pengine siku nzima ilimpa nusu ukurasa tu. Kichwa kilimuuma, maneno yalimkimbia. Lakini aliandika kwa miaka 25, akajaza karibu kurasa 3,000. Maandishi yale aliyaita "Nitaendelea Kupigana". Mwaka 1971 Daktari Luria alitoa kitabu juu ya habari zake.

Je, Zasetsky alipona kabisa? La. Hakurudi chuoni. Aliishi nyumbani na mama yake na dada zake. Akipasua kuni, shoka lilipita kando. Alisahau aliyotumwa. Lakini kila asubuhi alikuwa na kazi yake mwenyewe iliyomngoja. Alikuwa mtu mwenye kazi, si mtu wa kulishwa tu.

Tunapata mafunzo matatu kwake.

Kwanza, kujifunza upya kunachukua miaka, wala si wiki.

Pili, njia moja ikishindikana, tafuta nyingine.

Tatu, mgonjwa anahitaji kazi yenye maana. Chakula na kivuli peke yake havitoshi.

TUMSAIDIEJE MGONJWA NYUMBANI?

Kwanza, msiache hospitali. Mgonjwa akiruhusiwa, ulizeni tarehe ya kurudi. Muulizeni daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo awaonyeshe mazoezi ya kufanya nyumbani. Yafanyeni mbele yake mpaka myajue. Kama hospitali kubwa iko mbali, mganga wa zahanati na mhudumu wa afya wa kijiji wanaweza kufuatana nanyi.

Halafu fuateni haya.

1. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Akilalia upande mmoja muda mrefu, atapata vidonda. Kila siku tazameni ngozi ya matako, kiuno na visigino. Pakianza wekundu au weusi usio wa kawaida, asilalie hapo.

Asubuhi na jioni nyosheni viungo vyake polepole: vidole, kiwiko, bega, goti, kifundo cha mguu. Viungo visivyonyoshwa hukakamaa. Msimvute kwa mkono ulio dhaifu. Bega linaweza kuteguka.

2. Kula

Aliyeumia ubongo pengine hamezi vizuri. Mkalisheni wima kabla ya kula, na abaki wima kama nusu saa baada ya kula. Mpeni kidogo kidogo. Uji mzito humezwa kwa urahisi kuliko maji. Akikohoa kila akimeza, au sauti yake ikiwa kama yenye maji, mpelekeni hospitali. Chakula kinaweza kuingia mapafuni. Asiyekuwa na fahamu asipewe kitu chochote mdomoni.

3. Kukaa, kusimama, kutembea

Anzeni na kukaa ukingoni mwa kitanda. Akiweza kukaa bila kuanguka, afundishwe kusimama. Akiweza kusimama, afundishwe kutembea.

Chimbieni uani miti miwili mistari miwili, kisha fungeni fito ndefu mbili juu yake, kila upande mmoja, usawa wa kiuno. Mgonjwa atembee katikati akishika fito. Gharama yake ni jasho tu. Baadaye apewe fimbo, aishike kwa mkono wenye nguvu. Msaidizi asimame upande ulio dhaifu.

4. Kuvaa na kuoga

Akivaa shati, mkono ulio dhaifu uingie kwanza. Akivua, mkono wenye nguvu utoke kwanza. Mpeni kigoda cha kukalia anapooga. Mwacheni ajisugue mwenyewe sehemu anazozifikia.

Hapa watu wengi hukosea. Mke anaona mumewe anahangaika na vifungo kwa robo saa. Moyo unamuuma, naye anamfunga. Kesho anamfunga tena. Baada ya mwezi mume hawezi kufunga hata kimoja. Upendo wa namna hii humlemaza mgonjwa.

Kanuni ni hii: Mwacheni afanye analoweza. Msaidieni lile asiloliweza tu. Kesho, punguzeni msaada kidogo.

5. Kusahau

Wekeni kila kitu mahali pake, siku zote pale pale. Jembe pembeni, kikombe mezani, dawa sehemu moja palipo juu, watoto wasifikie. Kila siku ifuate mpango ule ule: kuamka, kunawa, uji, kazi, kupumzika.

Mwambieni jambo moja kwa wakati mmoja. Msiseme, "Nenda kwa mjomba, urudishe shoka, upitie dukani ulete chumvi." Semeni, "Peleka shoka kwa mjomba." Akirudi, ndipo atumwe chumvi.

Akiwa anajua kusoma, apewe daftari. Aandike mambo ya kufanya leo. Kila jambo likiisha, alifute kwa mstari. Hatakuwa na haja ya kumuuliza mkewe kila mara. Kama hajui kusoma, apewe michoro.

6. Kusema

Mtu aliyepotewa na maneno hakupotewa na akili. Msiseme naye kama mtoto mchanga. Msimsemee kila kitu. Muulizeni kwa maneno machache, kisha subirini. Hesabuni kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kumsaidia. Muulizeni maswali ya ndiyo au siyo. Mwacheni aonyeshe kwa kidole.

Jaribuni nyimbo. Watu wengine hawawezi kusema sentensi moja, lakini wanaweza kuimba wimbo waliouzoea tangu utoto. Hata salamu, na kuhesabu moja mpaka kumi, huweza kurudi mapema. Anzieni hapo.

7. Hasira na uchovu

Mgonjwa akifoka bila sababu, kumbukeni kwamba breki zake zimeumia. Msishindane naye. Punguzeni kelele, zimeni redio, watoto watoke nje. Akitulia, semeni naye kwa upole. Lakini akianza kupiga watu, mambo yasifichwe ndani. Waambieni wazee wa ukoo na mganga. Mke na watoto nao wana haki ya usalama.

Usingizi wa mchana si uvivu. Ubongo ulioumia huchoka upesi. Afanye kazi muda mfupi, apumzike, aendelee. Kazi ngumu aifanye asubuhi.

8. Mambo ya kuepuka

Asinywe pombe kabisa. Pombe huurudisha nyuma ubongo unaopona, na huweza kuleta kifafa. Asiendeshe pikipiki wala baiskeli mpaka daktari aruhusu. Asipande miti. Pigo la pili kichwani ni hatari sana.

KIFAFA BAADA YA KUUMIA KICHWA

Watu wengine walioumia ubongo hupata kifafa baadaye. Huweza kuanza baada ya miezi, hata miaka. Kifafa hiki kinatokana na kovu la ubongo. Hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusa.

Mtu akianguka kifafa, mwondoeni karibu na moto na vitu vyenye ncha. Mlazeni ubavu. Msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Msimkandamize. Mtetemo ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hajapata fahamu, mkimbizeni hospitali.

Hospitali hutoa vidonge vya kifafa. Vinywewe kila siku. Visiachwe ghafla kwa sababu mgonjwa amepata nafuu. Mwenye kifafa asiende kuvua peke yake, wala asioge ziwani au mtoni peke yake.

ANAYEMUUGUZA NAYE NI MTU

Mara nyingi kazi yote humwangukia mtu mmoja, mke au mama. Anamgeuza mgonjwa usiku, analima mchana, anapika jioni. Baada ya miezi michache anachoka, naye anaugua.

Ndugu wagawane kazi. Shemeji mmoja asimamie mazoezi ya asubuhi. Kijana mmoja ampeleke mgonjwa matembezini jioni. Majirani walime shamba lao siku moja kwa msaragambo. Baba na wajomba waje kuzungumza naye, wasimkimbie. Mgonjwa asiyetembelewa husahau hata kusema.

Nchini Tanzania kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sheria hii inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu wake, naye anayo haki ya matibabu, elimu na kazi. Familia ikishindwa, iende kwa serikali ya kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya.

Mgonjwa akipata nguvu kidogo, mleteni katika darasa la kisomo. Ndiyo, hata kama alikuwa amemaliza shule. Wewe mwanakisomo unajua kujifunza ukubwani kulivyo. Unakumbuka siku ile herufi "b" na "d" zilipokuwa kitu kimoja machoni pako. Unakumbuka mkono ulivyotoka jasho juu ya kalamu. Unakumbuka watu waliocheka. Basi wewe hutamcheka. Utamwambia, "Ndugu yangu, hata mimi nilianzia hapo."

MTU AKIUMIA KICHWA LEO

Msimnyanyue ovyo. Shingo yake huenda imeumia. Mshikeni kichwa na shingo vikae katika mstari mmoja na mwili, mhamisheni watu kadhaa pamoja. Kama anatapika, mgeuzeni mwili mzima kwa ubavu asipaliwe.

Mpelekeni hospitali upesi mkiona dalili yoyote kati ya hizi:

Amezimia, hata kwa dakika chache.

Anatapika tena na tena.

Kichwa kinazidi kumuuma.

Anasinzia na haamki vizuri.

Anachanganyikiwa katika maneno.

Mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine.

Maji maji au damu inatoka puani au masikioni.

Mkono au mguu umelegea.

Ameshikwa na kifafa.

Pengine mtu huinuka, akasema, "Sijambo," kisha baada ya saa chache hali ikabadilika. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Kwa hiyo asiachwe peke yake siku ile na usiku ule. Asipewe aspirini, kwa sababu huzidisha kutoka damu.

Lakini bora kuliko yote ni kukinga. Mwendesha pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu, ile inayoitwa helmeti, na wafunge kamba yake chini ya kidevu. Wataalamu wamechunguza ajali nyingi za pikipiki. Wameona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Maana yake, kati ya watu kumi ambao wangeumia kichwa, karibu saba wanasalimika. Bei ya helmeti si kitu mbele ya wiki sita za hospitali.

MKULIMA WETU ALIISHIAJE?

Turudi kwa yule mkulima wa mfano wetu. Tuseme mkewe hakuwasikiliza majirani. Alirudi hospitali tarehe aliyopewa. Akaonyeshwa mazoezi. Shemeji zake wakajenga fito uani. Mama mkwe naye akashika zamu ya jioni.

Mwezi wa pili mume alitembea kutoka fito ya mwanzo mpaka ya mwisho. Mwezi wa nne alijifunga vifungo mwenyewe, robo saa nzima, na mkewe alikaa amefumbata mikono asimsaidie. Mwezi wa saba mkewe alimpa jembe jepesi. Akamwambia, "Baba watoto, leo ni tuta hili moja tu. Mengine niachie mimi."

Alilima tuta moja. Lilikuwa limepinda. Akalala mchana kutwa. Kesho yake alilima lingine.

Mwaka ulipotimia alilima matuta matano asubuhi, akapumzika saa nne. Jina la mtoto wa mwisho analijua. Majina ya wapwa wengine bado humpotea, nao wamezoea kumtajia. Kelele bado zinamkera. Fedha za pamba anazihesabu mkewe, naye huhakikisha. Haendeshi baiskeli.

Hakurudi kuwa kama zamani. Lakini anakula jasho lake. Anakaa katika mkutano wa kijiji na kunyosha mkono. Watoto wanapotoka shule wanamkuta baba yao ana kazi.

Kujitegemea ni kufanya mwenyewe unaloweza leo, na kesho kuongeza kidogo. Hakuna aliyesema lazima yawe matuta mia. Wahenga walisema: Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mkono wa kulia wa mkulima ulikuwa dhaifu?

2. Zasetsky alishindwa kuandika herufi moja moja. Daktari alimpa njia gani nyingine?

3. Kumfanyia mgonjwa kila kitu kuna ubaya gani?

4. Tajeni dalili nne za hatari kwa mtu aliyeumia kichwa.

5. Je, katika kijiji chenu yuko mtu aliyeumia kichwa ambaye ameachwa kivulini tu? Darasa lenu linaweza kumsaidiaje kuanzia wiki hii?